Mwili na mikono kwenye swingi ya gofu: kipi kinafanya kazi gani fimbo inaposhuka?

Mpiga_Ayani

Wakuu, habari zenu. Nahitaji ufafanuzi wa watu wanaoijua swingi, yaani mwendo mzima wa kupiga mpira kwa fimbo, kwa undani, si ule wa "piga tu utazoea".

Napiga kwa mkono wa kulia. Kwa ayani 7 (fimbo ya kichwa cha chuma) mpira mmoja unatoka kulia na kubaki hukohuko bila kupinda. Unaofuata unaanza karibu na bendera, halafu unapinda kushoto kwa kasi, chinichini. Kati ya hiyo miwili upo ule wa kuchimba ardhi kabla ya mpira. Kwa draiva, ile fimbo ndefu ya mpigo wa mbali, ni yaleyale, isipokuwa ule wa kulia unazidi kupinda kwenda kulia.

Ushauri ninaoupata unagongana. Upande mmoja: "Zungusha mwili, mikono itafuata." Upande wa pili: "Tuliza mwili, achia mikono, mkono wa kulia upite juu ya wa kushoto." Nikifuata wa kwanza, mipira ya kulia inaongezeka. Nikifuata wa pili, ya kushoto inaongezeka.

Naomba kujua mwili na mikono vinagawana kazi vipi tangu fimbo inapoanza kushuka hadi inapogonga. Kuachia mikono ni kitendo ninachotakiwa kukifanya, au kinatokea chenyewe? Na nikitaka kujipima kwa simu tu, bila mashine za bei mbaya, nitazame nini?

Mwalimu_wa_Tii

Mkuu, umeeleza vizuri kiasi kwamba hata bila video mengi yanaonekana. Mpira wako wa kulia na wa kushoto ni ugonjwa mmoja. Ngoja nianze na mpira, kisha nirudi kwenye mwili.

Mpira unapoondoka, uelekeo wake wa kwanza unaamuliwa zaidi na uso wa fimbo, yaani bapa linalogonga mpira: kwa draiva kama asilimia 85, kwa ayani kama 75. Kupinda hewani kunatokana na tofauti kati ya pale uso unapotazama na njia ambayo kichwa cha fimbo kinapita. Mpira ulioanza kulia ukanyooka una maana kwamba uso na njia vyote vilielekea kulia kwa kiasi kinacholingana, tuseme digrii 5. Mpira ulioanza karibu na bendera ukapinda kushoto una maana kwamba njia ilikuwa kulia vilevile, ila uso ulikuwa umeshafunga. Njia yako haijabadilika. Kinachobadilika ni uso, kwa sababu umeachiwa mikono inayobahatisha wakati.

Na wakati wenyewe hautoshi kubahatisha. Fimbo kutoka juu hadi kwenye mpira inatumia kama robo ya sekunde. Mpira unagusana na uso kwa takriban sekunde 0.0005. Binadamu anahitaji kama sekunde 0.2 kuitikia kitu alichokiona. Kwa hiyo ile amri ya "sasa geuza mikono" haiwezi kutolewa karibu na mpira. Ukiitoa hapo, mpira umeshaondoka. Kibaya zaidi, kwenye swingi ya kasi uso unafunga kwa digrii 2,000 au zaidi kwa sekunde. Hizo ni digrii 2 kwa kila elfu moja ya sekunde, na digrii 2 kwa umbali wa mita 150 ni kama mita 5 kando ya bendera, kabla hujahesabu kupinda. Ukisimamisha kifua na kugeuza mikono kwa makusudi, unaiongeza kasi hiyo ya kufunga, na nafasi ya kupatia inazidi kuwa finyu.

Sasa mwili. Mpangilio ni nyonga, kifua, mkono wa kushoto, fimbo. Kila kimoja kinafikia kilele cha kasi baada ya kilichokitangulia, na kilele chake ni kikubwa zaidi. Kwa mchezaji wa kulipwa nyonga zinafika digrii 450 hadi 500 kwa sekunde, kifua 700 hivi, mkono wa kushoto karibu 1,000, na fimbo zaidi ya 2,000. Sehemu ya nyuma inapopunguza kasi, nguvu inahamia sehemu ya mbele yake.

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Wanasikia "nyonga zinapunguza kasi" wanaelewa "nyonga zinasimama". Kupunguza kasi si kusimama. Kwa mchezaji mzuri, wakati wa kugonga nyonga zimeshafunguka kuelekea kwenye shabaha kama digrii 40 na kifua kama 25 hadi 35, na vyote vinaendelea kuzunguka. Kwa anayesimama, kitovu kinautazama mpira, na kilichobaki chenye mwendo ni mikono peke yake.

Kuachia mikono ni mambo matatu yanayokwenda pamoja. Pembe kati ya mkono wa kushoto na fimbo inafunguka. Kigasha cha kushoto, yaani sehemu kati ya kiwiko na kifundo cha mkono, kinajipindua ili mgongo wa kiganja uliokuwa ukitazama mbele yako ugeuke kutazama shabaha. Kiwiko cha kulia kinanyooka. La kwanza hulifanyi wewe kwa nguvu za vifundo. Linafanywa na njia ya mikono: mwili unapozunguka, mikono haiendi mstari ulionyooka kuelekea kwenye shabaha, inapita kwenye duara, na karibu na mpira duara hilo linaivuta ndani na juu, kuelekea nyonga ya kushoto. Mikono ikivutwa ndani, kichwa cha fimbo kinarushwa nje. Ni kombeo kabisa: jiwe linakwenda mbele kwa sababu mkono umebadili njia. Kwa draiva yenye kichwa cha gramu 200 hivi inayokwenda kilomita 160 kwa saa, mvuto huo kwenye mikono unafika uzito wa kilo 25 hadi 30. Hakuna kifundo cha mkono kinachoweza kuuzuia mvuto huo kwa makusudi, wala hakuna sababu ya kuusaidia.

Mwili ukisimama, mikono inaacha kuvutwa ndani. Inaenda nje, sambamba na mstari wa shabaha, na kichwa cha fimbo kinapata njia ya ndani kwenda kulia. Hapo mwili unajua kabisa kwamba mpira utaenda kulia, hivyo mikono inapindua haraka kuokoa. Ikiwahi, mpira unakwenda kushoto. Ikichelewa, kulia. Na kwa kuwa uzito umebaki mguu wa kulia, sehemu ya chini kabisa ya duara inaangukia nyuma ya mpira: ndiyo ile ya kuchimba ardhi.

Jibu la swali lako la pili, basi: kufunguka kwa pembe kunatokea kwenyewe endapo mwili hausimami. Kupinduka kwa kigasha ndiko kunakohitaji kupangwa, na kunapangwa mapema, kwenye mshiko na juu kabisa ya swingi.

DadaGrini

Nakubaliana na mwalimu, ila hapo mwishoni amepita haraka mno, na kwa Mpiga_Ayani hapo ndipo penye dawa.

Kaka, kiasi cha kupindua kigasha unachohitaji kinategemea uso wako uko wapi fimbo inapokuwa juu. Vitu viwili vinaupanga. Cha kwanza ni mshiko. Simama tayari kupiga, tazama mkono wa kushoto, hesabu vifundo vya vidole unavyoviona. Kimoja ni mshiko dhaifu, viwili ni wa kati, vitatu au zaidi ni mshiko wa nguvu. Nguvu hapa haihusiani na kukaza. Ni jinsi mkono ulivyozungushwa juu ya fimbo kuelekea kulia. Cha pili ni kifundo cha mkono wa kushoto unapofika juu: kimenyooka, kimekunjika kuelekea upande wa kiganja, au kimekunjika kuelekea mgongo wa mkono. Kikikunjika kuelekea kiganja kinafunga uso. Kikikunjika kuelekea mgongo kinaufungua.

Mwenye mshiko wa nguvu na kifundo kilichonyooka ana uso ambao tayari umefunga kiasi. Huyo akipindua vigasha tena, mpira unakwenda kushoto. Kazi yake ni kuzunguka mfululizo bila kusita. Mtazame Dustin Johnson, aliyechukua US Open 2016 na Masters 2020: kifundo chake cha kushoto kinakunjika sana kuelekea kiganja, na kifua kinazunguka hadi mwisho. Jon Rahm naye kifundo chake kinakunjika kuelekea kiganja. Paul Azinger, bingwa wa PGA wa 1993, alikuwa na mshiko wa nguvu kupita kiasi, na alidumu nao kwa sababu mwili wake haukusimama kamwe.

Mwenye mshiko dhaifu na kifundo kilichokunjika kuelekea mgongo ana uso uliofunguka. Huyo ukimwambia "zungusha tu mwili" umemhukumu slaisi, yaani mpira wa kupinda kulia, maisha yake yote. Anahitaji kigasha kijipindue, na kianze mapema, mkono wa kushoto unapofika sambamba na ardhi wakati wa kushuka, si sentimita chache kabla ya mpira.

Kwa hiyo ushauri wako wote wawili ni sahihi, kila mmoja kwa mtu wake. Anayechanganya nusu ya huu na nusu ya ule ndiye anayepata pande zote mbili.

Ushauri wa "mkono wa kulia upite juu ya wa kushoto" una historia yake pia. Zamani mpini wa fimbo ulikuwa wa mti wa hikori, ambao ulijipinda na kujisokota, na kichwa kilikuwa kidogo. Mikono ilibidi ifanye kazi kubwa. R&A, wasimamizi wa sheria za gofu, waliruhusu mpini wa chuma mwaka 1929. Leo draiva inaruhusiwa kuwa na ujazo wa hadi sentimita za ujazo 460, na uzito wa kichwa hicho uko mbali na mpini, hivyo hakikubali kugeuzwa haraka dakika ya mwisho. Ukiupeleka ushauri wa hikori kwenye draiva ya leo, uso unachelewa kufunga. Ndiyo sababu draiva yako inapinda kulia wakati ayani, ambayo ni fupi na kichwa chake ni kidogo, inanyooka tu.

Tupe mambo mawili: vifundo vingapi vya vidole unaviona, na kifundo cha mkono wa kushoto kikoje ukifika juu?

Mpiga_Ayani

Asante sana dada, asante mwalimu. Nimepiga video kwa simu. Vifundo vinaonekana vitatu. Juu kabisa kifundo cha kushoto kimenyooka, pengine kimekunjika kidogo sana kuelekea mgongo. Kwenye kugonga, kitovu kinautazama mpira karibu kabisa, na mpini wa fimbo umeegemea nyuma badala ya mbele. Baada ya kugonga kiwiko cha kushoto kinakunjika na kutoka nje.

Swali la nyongeza: kuna wanaosema nicheleweshe mikono, nishike ile pembe hadi mwisho. Ni kweli?

Mwalimu_wa_Tii

Sasa picha imekamilika. Mshiko wako ni wa mtu wa kuzungusha mwili, lakini mwili wako unasimama. Usiuguse mshiko. Ukiubadili mshiko sasa utaficha kosa la mwili na kulizalisha jipya.

Kuhusu kuchelewesha: usifanye kwa makusudi. Ile pembe unayoiona kwenye picha za wachezaji wakubwa ni matokeo ya nyonga kutangulia wakati fimbo bado inamalizia kwenda nyuma. Ukiishikilia kwa kukaza vifundo, mambo mawili yanaharibika. Misuli iliyokaza inapunguza kasi, na uso unafika ukiwa umefunguka kwa sababu kufunguka kwa pembe na kufunga kwa uso vinakwenda pamoja. Utapata mingi zaidi ya kulia. Kosa la upande mwingine ni kuitupa pembe tangu juu, mikono ikiwa bado usawa wa bega. Hapo fimbo inaipita mikono kabla ya mpira na mpini unaegemea nyuma, kama ulivyoona.

Mpini kuegemea nyuma una gharama unayoweza kuihesabu. Ayani 7 nyingi zina mlalo, yaani jinsi uso ulivyoinamia nyuma, wa digrii 27 hadi 34. Mchezaji mzuri anagonga mpini ukiwa umeegemea mbele digrii 5 hadi 10, hivyo mlalo halisi unapungua. Ukiegemea nyuma digrii 8, fimbo ya 33 inakuwa 41, yaani umeshika ayani 7 lakini umepiga ayani 9. Mkuu, kama umbali wako wa ayani 7 na 9 unakaribiana, hapo ndipo ulipopotea.

Kiwiko cha kushoto kukunjika baada ya kugonga ni dalili ileile. Kifua kimesimama, mikono haina pa kwenda, kiwiko kinajikunja kutafuta nafasi. Usijaribu kukinyoosha kwa nguvu. Kifua kikizunguka, nafasi inapatikana na mkono unanyooka wenyewe.

Kujipima kwa simu: weka picha 240 kwa sekunde. Kwa picha 30 za kawaida, kushuka kote utakuta ni picha 7 au 8 tu, hazitoshi kuona kitu. Simu iwe kwenye stendi usawa wa mikono, si usawa wa kichwa. Piga upande wa mbele yako na upande wa nyuma kwenye mstari wa mikono na shabaha. Kisha simamisha video mahali pane. Juu kabisa, angalia kifundo. Mpini ukiwa sambamba na ardhi wakati wa kushuka, ncha ya kichwa cha fimbo inatakiwa kuinamia kidogo upande wa mpira, sambamba na mgongo wako. Ikitazama juu moja kwa moja au nyuma, uso umefunguka. Kwenye kugonga, mikono iko mbele ya mpira na mfuko wa nyuma wa kulia unaonekana kwa anayekutazama kutoka nyuma. Mpini ukiwa sambamba na ardhi baada ya mpira, mikono yote miwili imenyooka na kifua kimeshaupita mpira. Kama hapo kifua bado kinatazama chini kwenye mpira, tatizo halijaisha hata kama mpira umenyooka.

Kedi_Mkongwe

Walimu wamemaliza nadharia, mimi naleta mazoezi. Ayani 7 au 8, mpira kwenye tii (kijiti cha kuwekea mpira) fupi mwanzoni.

La kwanza ni swingi ya kiuno hadi kiuno. Mikono isipande juu ya kiuno kwenda nyuma wala mbele. Shika fimbo, mkono wa kulia ukiwa sentimita 10 chini ya wa kushoto, viganja visigusane. Piga polepole. Mikono ikiachana hivyo, unahisi wazi mkono wa kulia ukinyooka na fimbo ikipita huku kifua kikiendelea kuzunguka. Ukisimamisha kifua, mkono wa kulia unausukuma wa kushoto na kiwiko kinakunjika hapohapo. Piga mipira 10 hivyo, kisha 5 kwa mshiko wa kawaida, rudia.

La pili ni la kijiti cha mwelekeo, ile fimbo nyembamba ya kuonyesha mstari wa shabaha. Kishike pamoja na mpini ili kitokeze juu ya mikono na kupita ubavuni mwako kushoto. Fanya swingi ndogo bila mpira. Kijiti kikigonga mbavu kabla mikono haijapita paja la kushoto, mikono imepindua na mwili umesimama. Mwendo mdogo tu hapa, usije ukajiumiza mbavu kwa swingi kamili.

La tatu ni la hatua, kwa ajili ya mpangilio. Simama miguu pamoja. Peleka fimbo nyuma. Mikono ikifika usawa wa kifua, piga hatua ya mguu wa kushoto kuelekea kwenye shabaha, kisha achia swingi. Mguu unatua kabla fimbo haijamaliza safari ya nyuma, na hiyo ndiyo nyonga kutangulia. Wengi wanakosea kwa kumaliza kwanza kwenda nyuma ndipo wakanyage. Hapo zoezi halina faida.

Mwisho, chora mstari ardhini kwa chokaa, mguso wa ardhi uanzie kwenye mstari au mbele yake. Mpira ukiwa kwenye mstari, sehemu ya chini kabisa ya duara kwa ayani iwe kama sentimita 10 mbele yake. Mstari haukupendelei, na ukichimba nyuma yake mara mbili mfululizo, punguza kasi nusu.

Taulo chini ya kwapa la kushoto nalo linasaidia mkono kukaa na kifua.

DadaGrini

Kedi, kwenye taulo naomba niweke mpaka. Liwe kwa swingi ya kiuno hadi kiuno tu. Kwenye swingi kamili mkono wa kushoto lazima uinuke kutoka kifuani. Ukiubana kwa taulo unapata swingi bapa na mikono isiyo na upana, halafu mtu anarudi na tatizo jingine analodhani ni la mwili. Ukiona taulo limedondoka baada ya mpira kwenye swingi ndefu, ni sawa kabisa.

Na kwenye zoezi la mikono iliyoachana, Mpiga_Ayani, mshiko wako ni wa vifundo vitatu. Usilifanye kwa kutafuta mkono wa kulia ulale juu ya wa kushoto. Tafuta kifundo cha kushoto kibaki kimenyooka hadi mikono ipite paja. Hiyo ndiyo alama yako.

Fizio_wa_Nyonga

Kabla hamjamlaumu kwa kusimama, mpimeni nyonga. Kuna watu wanaambiwa "zunguka" miaka mingi wakati kiungo hakiruhusu.

Nyonga ya kushoto unapogonga inazunguka juu ya paja lililosimama, na hiyo ni mzunguko wa ndani wa nyonga. Jipime hivi: kaa kwenye meza, magoti pembe mraba, miguu inaning'inia. Goti likae palepale, peleka wayo wa kushoto nje, mbali na mguu mwingine. Kawaida ni digrii 35 hadi 45. Ukiishia 20 au 25, mwili utasimama kwa sababu umefika mwisho wa kiungo, na ukilazimisha mzigo unahamia mgongo wa chini na goti.

Njia rahisi ya kuupa nafasi ni kugeuza wayo wa kushoto nje kuelekea kwenye shabaha digrii 20 hadi 30 unaposimama tayari. Mabadiliko madogo, lakini nyonga inapata mzunguko ambao haikuwa nao. Kunyoosha nyonga kila siku kunaongeza kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Wayo unasaidia leo.

Kingine ni mguu wa kushoto kunyooka wakati wa kugonga. Unasukuma ardhi, nyonga ya kushoto inarudi nyuma na juu. Msukumo huo ndio unaovuta mikono ndani kama mwalimu alivyoeleza. Wanaosogeza nyonga mbele kuelekea kwenye mpira badala ya kuirudisha nyuma wanaiziba njia ya mikono, kisha mikono inalazimika kupindua. Simama makalio yakigusa ukuta kidogo, fanya swingi bila fimbo: wakati wa kwenda nyuma tako la kulia liguse, wakati wa kugonga tako la kushoto liguse. Likiachana na ukuta, umesogea mbele. Maumivu yakijitokeza kwenye kinena au mgongo, acha na upimwe.

Mpigaji_wa_Nyanda

Nyongeza kwa wanaocheza viwanja vya nyanda za juu za Kenya vyenye nyasi ya kikuyu. Nyasi hii asili yake ni huku Afrika Mashariki, na imefika mbali: uwanja wa Riviera pale Los Angeles wanachezea juu yake. Mashina yake yanatambaa, ni manene, na yanakamata shingo ya fimbo, yaani pale mpini unapoungana na kichwa. Shingo ikikamatwa, ncha inazunguka mbele na uso unafunga. Anayetegemea kupindua vigasha anaongezewa kufunga na nyasi, na mpira unakwenda kushoto hata kama alipatia wakati.

Mpira ukizama kwenye kikuyu, fungua uso kidogo, kaza vidole vitatu vya mwisho vya mkono wa kushoto kuliko kawaida, shuka kwa pembe kali zaidi, na kifua kisisite hata kidogo. Chukua fimbo yenye mlalo mkubwa zaidi. Ayani ndefu kwenye nyasi hiyo haifai kwa mtu ambaye bado anarekebisha mwili.

Mpiga_Ayani

Nimejipima nyonga ya kushoto, inaishia kama 25. Nimegeuza wayo nje. Kwa draiva nifanye tofauti gani, au nitumie hisia ileile?

Mwalimu_wa_Tii

Mpangilio ni uleule, hisia ya uso inabadilika. Weka mpira usawa wa kisigino cha kushoto, mgongo uinamie kidogo upande wa kulia, bega la kulia likiwa chini ya la kushoto. Kwa draiva mpini unagonga ukiwa karibu wima, si kuegemea mbele kama ayani, na kichwa kinapaa kidogo. Fimbo ni ndefu, inchi 45 hivi, na kichwa ni kizito kugeuka, kwa hiyo uso uanze kufunga mapema: mkono wa kushoto unapofika sambamba na ardhi wakati wa kushuka, hisi mgongo wa kiganja cha kushoto ukianza kutazama chini. Ukihisi hivyo mapema, kifua kinaweza kuzunguka kwa ujasiri bila woga wa mpira kwenda kulia. Huo woga ndio unaowasimamisha wengi.

Anza na ayani 7 hadi mstari wa chokaa ukubali mipira 7 kati ya 10. Halafu draiva kwa kasi ya asilimia 70, tii ya kawaida, na video ya upande wa mbele. Mpira ukinyooka kulia bila kupinda, uso na njia vimekubaliana, ongeza mzunguko. Ukipinda kulia, rudi kwenye mgongo wa kiganja, usiguse mwili.